Asilimia Tisini Wameelewa

Gauni la muuguzi liliharibika siku ya Jumanne, na fundi alianza kwa kuulaumu mkasi wake. Alikuwa mtu wa kujishuku mwenyewe kabla hajamshuku jirani.

Muuguzi alisimama mlangoni pa kibanda cha cherehani, amelishika gauni jeupe kwa vidole viwili kama aliyeshika panya mkiani. Mikono ya gauni ilikuwa imekatwa juu ya kiwiko.

"Fundi, nilikuandikia barua au sikukuandikia?"

"Uliniandikia, dada."

"Nikasema nini?"

"Ukasema nipunguze mikono."

"Mimi? Haya, nisomee hapo niliposema hivyo. Ukinisomea, nitakuomba radhi mtaa mzima ukinisikia."

Fundi akavuta mtoto wa meza, akatoa barua, akavaa miwani. Ilikuwa mistari mitatu. Mikono usiiguse. Ongeza urefu wa chini vidole vinne. Kiuno kibaki kilivyo. Akaisoma mara ya pili, polepole, kama anayetafuta pini iliyoanguka sakafuni. Maneno hayakubadilika.

Jana yake, barua ilipofika, yeye alikuwa chini ya cherehani anafunga mkanda, viganja vimejaa grisi. Binti yake wa darasa la tano ndiye aliyeipokea. Akamwambia, "Nisomee, mwanangu." Binti akaikunjua, akaitazama, na bila kukwama akasema, "Anasema mikono ipunguzwe, baba. Na anakusalimia sana."

Hata salamu hazikuwamo.

"Nitashona mikono mipya, dada. Kitambaa ni juu yangu."

"Lini?"

"Keshokutwa."

"Keshokutwa ya mafundi naijua. Nyie hata siku ya Kiama mtachelewa, mtasema bado vifungo."

Fundi huyu hakukaa shuleni miaka mingi. Herufi alijifundisha mwenyewe, kutoka kwenye maboksi ya nyuzi na magazeti yaliyofungia vitambaa, herufi moja kwa siku, na ile aliyoisahau aliirudia kesho yake bila kujionea huruma. Kwa hiyo madaftari ya binti yake aliyaona kama muujiza. Herufi zilisimama sawasawa kama mshono wa cherehani mpya. Kila ukurasa ulikuwa na alama nyekundu ya vyema, na chini yake, "Vizuri sana." Majirani waliyaazima kwenda kuwatia aibu watoto wao. Walimu walimpa binti jina la Kalamu. Na wazazi walipochagua mwenyekiti wa kamati ya shule walimchagua fundi, wakasema baba wa mtoto kama yule hawezi kukosa akili.

Jioni hiyo hakumwita mtoto mwongo. Alisubiri amalize kula, akamwekea mbele daftari lake mwenyewe la sayansi.

"Nisomee ukurasa huu."

Binti akaweka kidole. "Hapa ni mambo ya mimea. Huu ni mchoro wa jani."

"Mchoro nimeuona. Maneno."

Kidole cha binti kikabaki juu ya jani. Mama yake, aliyekuwa akikausha vyombo, akasema, "Msomee baba yako bwana, tukalale."

Fundi akachukua chaki ya kushonea na kipande cha kitambaa cheusi, akaandika neno moja: sindano. "Hili?"

Binti akalitazama, akaomba chaki, akaliandika tena chini yake. La kwake lilikuwa zuri kuliko la baba. "Hivyo?"

"Nauliza linasemaje."

"Baba, mimi siulizwagi linasemaje," alisema, akashangaa kweli. "Mimi naandika tu."

Mama akaweka sahani chini. "Labda ni macho. Mtoto wa kwanza darasani asijue kusoma? Muulize vizuri, wewe ukiuliza unakuwa kama polisi."

Wakamuuliza vizuri. Yakatoka kidogo kidogo, kama uzi unaovutwa kwenye pindo. Walihamia mtaa huu binti alipokuwa akiingia darasa la tatu, akijua herufi chache tu za kuchora. Wiki ya kwanza mwalimu mmoja akauona mwandiko wake. Tangu siku hiyo, kipindi kikianza, mwalimu husema, "Kalamu, ofisini," naye hunyanyuka akaenda kukaa mwisho wa meza ya walimu. Pale hunakili maandalio ya masomo, yale makaratasi ambayo mwalimu anatakiwa kuyaandika kabla ya kila kipindi, aeleze atafundisha nini, vipi, na mwishowe watoto wameelewa kiasi gani. Ya mwaka jana huyahamishia kwenye karatasi za mwaka huu. Tarehe anaandikiwa pembeni, anaichora.

"Wananipa chai," alisema. "Wenzangu wananionea wivu."

"Na mitihani?"

"Siku ya mtihani naandika maswali ubaoni. Nikimaliza, mwalimu ananiambia nisijali, alama zangu anazo."

"Alama zako anazo," mama alirudia, akaketi kwenye kigoda.

*

Mtu mwingine angekwenda shuleni kesho yake na rungu. Fundi alijiambia huenda ni mtoto wake peke yake, na si haki kuichoma nyumba kwa ajili ya chawa mmoja. Akataka kupima kwanza.

Nafasi ilikuwa mkononi. Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, mkaguzi angekuja shuleni, na Mwalimu Mkuu alikuwa ameagiza sare mpya za kwaya. Watoto kumi na mmoja wa darasa la tano walitumwa kibandani kupimwa. Fundi aliandika kwenye kadi sentensi moja kwa herufi kubwa: Ng'ombe anakula majani. Akaitundika ukutani.

"Kabla sijakupima, nisomee hiyo."

"Fundi, kwani umekuwa daktari wa macho?" mtoto wa kwanza aliuliza, wenzake wakacheka. Kusoma hakusoma.

Wa pili aliikodolea kadi mpaka jasho likamtoka. "Ng'ombe... ng'ombe... anauzwa?"

Wa tatu alijaribu kuimba. Wa nne alisema amesahau macho nyumbani. Msichana mmoja mrefu aliisoma mara moja, tena akaongeza, "Na hapo mwisho umesahau nukta, fundi."

Jioni fundi akahesabu. Waliosoma walikuwa wanne. Saba hawakusoma. Wale wanne aliwauliza nani aliwafundisha. Mmoja alimtaja dada yake wa nyumbani, watatu wakasema Bibi wa la Kwanza.

Bibi wa la Kwanza alikuwa mwalimu mzee wa darasa la kwanza, ambaye wenzake walimcheka kwa kuwa kila mwaka alikataa kuhamishiwa madarasa ya juu. Fundi alimfuata nyumbani kwake, akamweleza yote. Bibi hakushangaa, na hilo ndilo lililomuuma fundi zaidi.

"Nimesema katika vikao mpaka nimeota sugu ya ulimi," alisema. "Mlete kwangu, akae na wadogo. Lakini wewe ndiye utakayemwambia, mwanangu, si mimi. Na ujue ataniona mchawi wiki mbili nzima."

Binti alipoambiwa alilia kama aliyefiwa. "Nikakae na watoto wanaojikojolea? Wataniita mjinga. Baba, mimi ni wa kwanza darasani!"

"Nani kakwambia?"

"Si imeandikwa?"

Ilikuwa imeandikwa, ndiyo. Hakumlazimisha bado.

*

Jumatatu fundi akaenda shuleni, hakuaga mtu.

Nyumba njema si mlango, na shule hii ilikuwa na mlango mzuri: lango limepakwa rangi, maua yamepandwa ndani ya matairi, ubao umeandikwa maneno ya nidhamu na elimu. Ukizunguka nyuma ya madarasa unakutana na harufu. Vyoo vya watoto vilikuwa vimefurika, na maji yake yalipita katika mfereji mwembamba mbele ya darasa la pili, watoto wakiuruka bila hata kuutazama, kwa mazoea. Kando yake kulikuwa na choo kimoja kilichopigwa chokaa, kina kufuli jipya. Juu yake palikuwa na neno moja: Wageni.

Darasa la tano halikuwa na mwalimu. Watoto sitini na kitu walikuwa wamelaza vichwa juu ya madawati, na mbele kiranja alikuwa amesimama na fimbo na karatasi ya wapiga kelele.

"Mwalimu wenu yuko wapi?"

"Amesema atakuja baadaye."

Ndiyo maana walimwita Mwalimu Baadaye. Mtoto akiuliza swali, jibu lilikuwa hilo. Akiinua mkono, hilo hilo. Fundi alimkuta ofisi ya walimu, amevua kiatu kimoja, anakata kucha za mguu juu ya rundo la madaftari ambayo hayajasahihishwa. Vipande vya kucha vilikuwa vinarukia kwenye majina ya watoto. Walimu wengine watatu walikuwa wakitazama simu. Juu ya daftari la mahudhurio palikuwa na sahani ya mifupa, na nzi waliitembelea kwa raha zao.

Mwisho wa meza, mgongo umepinda, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, binti yake alikuwa akiandika.

Akasimama nyuma yake, akasoma. Somo la hisabati, darasa la tano. Tarehe ilikuwa ya Ijumaa ya wiki hiyo, siku nne mbele. Chini kabisa, katika sehemu ya tathmini, mtoto alikuwa akimalizia mstari kwa mwandiko wake wa ajabu: Asilimia tisini ya wanafunzi wameelewa somo.

"Mwalimu," fundi alisema kwa upole, "Ijumaa imeshafika?"

"Ijumaa ipi?" Mwalimu Baadaye alivaa kiatu bila haraka.

"Hii hapa. Naona watoto wameshaelewa."

Walimu wakacheka, na Mwalimu Baadaye akacheka zaidi yao. "Ah, fundi bwana! Hizo ni karatasi tu. Mkaguzi anataka karatasi, tunampa karatasi. Funika kombe, mwanaharamu apite."

"Na hao asilimia kumi ambao hawakuelewa, ni akina nani?"

"Hao lazima wawepo. Ukiandika mia, watasema unadanganya."

Fundi aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta uso hata mmoja ulioona haya. Walikuwa wakicheka kwa moyo mweupe kabisa, kama watu waliosimuliwa kisa cha sungura. Hapo ndipo kinyaa kilipomshika hasa, maana alikuwa amejiandaa kukutana na watu waovu, na hawa walikuwa watu wa kawaida waliochoka kufundisha wakagundua kwamba hakuna anayeuliza.

Mwalimu Mkuu alimkaribisha kwa mikono miwili. Ofisi yake ilikuwa na zulia la kuvulia viatu, vikombe vya michezo kwenye kabati la kioo, marashi ya hewa, na mapazia ambayo fundi mwenyewe aliyashona. Nyuma ya kiti, kwenye msumari, ulining'inia ufunguo wa choo cha wageni.

"Mwenyekiti wangu! Sare zinaendeleaje?"

"Zinaendelea. Mwalimu, binti yangu hajui kusoma."

Mwalimu Mkuu hakuuliza binti yupi, wala hakusema haiwezekani. Alitikisa kichwa kwa huruma, kama daktari anayejua ugonjwa wa zamani. "Kusoma kutakuja tu, fundi. Yule ana kipaji. Unajua shule ngapi zinatamani kuwa na Kalamu? Ukimtoa wiki hii unatuua."

"Yuko la tano."

"Na la saba atafaulu. Hilo niachie mimi." Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti. "Siku ya mtihani wa mwisho tutamkalisha mahali pazuri. Wa mbele yake atajua la kufanya. Si yeye wa kwanza, usione haya."

"Na akishafaulu?"

"Akishafaulu si wetu tena. Ni wa huko." Akacheka, akampiga fundi begani. "Sikiliza. Alhamisi mkaguzi akimaliza, kuna fomu ya shule ya mfano. Sehemu ya mwenyekiti ni yako: unaandika maoni, unatia sahihi. Tukipita, mimi napandishwa, nasimamia shule zote za eneo hili. Na wewe utashona sare za shule zote hizo. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Safi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema, na tabasamu lake halikupungua hata kidogo.

Fundi alirudi kibandani, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Alipomsimulia mkewe, mama wa mtoto alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi sare za shule zote sizitaki. Nataka mwanangu anisomee kibandiko cha dawa nikiugua. Basi."

*

Alhamisi ilipofika, shule ilinuka chokaa. Mfereji wa darasa la pili ulikuwa umefunikwa mbao, na juu ya mbao wamepanga vyungu vya maua.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani ya dhahabu na mkoba mkubwa. Aliketishwa nyuma ya darasa la tano pamoja na fundi na makamu wake, mwenye duka la vifaa. Somo lilikuwa lile lile ambalo watoto walikuwa wakilikariri tangu wiki iliyopita, kila mtoto na swali lake. Mwalimu Baadaye, kavaa tai, akafungua mdomo, "Nani atatuambia sehemu za..." na mtoto akasimama kabla swali halijaisha, "Mzizi, shina, jani, ua na tunda, mwalimu!" Makofi. Yule aliyesahau macho nyumbani alipewa kitabu asome kwa sauti. Akasoma ukurasa mzima bila kukosea, kitabu kimegeuka juu chini. Mkaguzi akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Baadaye, ofisini kwa Mkuu, yakaletwa mafaili ya maandalio. Mkaguzi akafunua moja, akafunua la pili, la tano, la saba.

"Mwandiko wa hali ya juu," alisema. "Lakini walimu wako wote, Mwalimu Mkuu, wana mwandiko mmoja?"

Mwenye duka akakohoa.

"Ni umoja, mheshimiwa," Mwalimu Mkuu akajibu. "Hapa kwetu tunafanya kazi kama mwili mmoja."

Mkaguzi akamtazama. Kisha akacheka, mpaka miwani ikamshuka puani, na Mkuu akacheka naye. Fundi alikitazama kicheko kile, akajua kwamba mama huyu ameona kila kitu, na kile kitabu kilichogeuzwa alikiona pia. Ameona, na ameamua kuwahi chakula.

Kuku akaliwa, kisha fomu ikaja kwa fundi. Kalamu ikawekwa juu. Palikuwa na mistari minne ya maoni ya mwenyekiti. Kwa siku tatu fundi alikuwa amewaza jambo moja tu: kama angemwita binti yake mbele ya watu wale na kumwambia asome, mambo yangekwisha kwa dakika moja. Lakini angekuwa amemkata mtoto ili kuokoa kitambaa. Kwa hiyo hakumtaja. Aliinama, akaandika taratibu kwa mwandiko wake wa kujifundisha, herufi zimelala huku na huku:

Niliwaomba watoto kumi na mmoja wa darasa la tano wasome sentensi ya maneno matatu. Wanne walisoma. Maandalio ya somo yanaandikwa na mwanafunzi. Siwezi kutia sahihi.

Mwalimu Mkuu alisoma kwa juu ya bega lake, na kwa mara ya kwanza tabasamu likafutika usoni mwake. Akaipeleka fomu kwa mkaguzi.

Mkaguzi aliisoma yote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kwa kitambo kidogo, fundi akatumaini.

"Fomu hii imechafuka," mkaguzi alisema. "Una nyingine?"

"Ipo, mheshimiwa. Daima naweka ya akiba."

"Na makamu mwenyekiti si yupo? Sheria inamruhusu."

Mwenye duka la vifaa hakuuliza chochote. Alifuta vidole vyake vilivyopakaa mafuta ya kuku kwenye pazia, akaandika "Shule ni nzuri sana," akatia sahihi. Fomu ya fundi ilikunjwa mara nne, ikaingia mkobani, na mkoba ukafungwa zipu.

"Sare za kwaya," Mwalimu Mkuu alisema, akimsindikiza fundi mlangoni kama anayemsindikiza mgeni wa kawaida, "ndizo za mwisho, fundi. Nadhani umeelewa."

"Nimeelewa," fundi alisema. "Mimi na asilimia tisini."

Alipofika uani aliufuta mkono wake kwenye suruali. Hakuwa na hasira, hasira angeijua. Ilikuwa ni kama kugusa kitu laini gizani na kukiacha upesi, kisha mkono usikubali kusahau.

Akaenda ofisi ya walimu. Binti yake alikuwa peke yake mwisho wa meza, kazungukwa na mafaili. Fundi akaichukua kalamu kutoka kwenye vidole vyake, katikati ya neno, akaiweka chini.

"Twende."

"Baba, sijamaliza mstari."

"Mstari huo hauna mwisho, mwanangu. Twende."

Alimfuata akilia bila sauti. Uani watoto wa shule nzima walikuwa wamepangwa mistari miwili kumpigia makofi mkaguzi akielekea kwenye gari, isipokuwa wa darasa moja. Mlango wa darasa la kwanza ulikuwa umefungwa. Ndani Bibi alikuwa akifundisha.

Aliwapokea bila sherehe. Akamwonyesha binti nafasi kwenye dawati la mbele, la chini mno, magoti yakagonga mbao zake. Watoto wakageuka kumtazama. "Ni mwalimu mpya?" mmoja aliuliza. "Siyo, ni dada Kalamu," mwingine akajibu, "yule wa ofisini." Binti akainamisha uso. Ubaoni palikuwa na silabi, na kwa mazoea mkono wake ukachukua penseli na kuanza kuzinakili, nzuri, zilizonyooka. Bibi akaichukua penseli, akaitia mfukoni.

"Hapa kwanza hatuandiki," alisema. Akaweka kidole kwenye silabi ya kwanza. "Hii inasemaje?"

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu Baadaye aliingiza kichwa, tai imelegea.

"Kalamu, njoo mara moja. Wageni wanasubiri vyeti vyao vya shukrani, majina hayajaandikwa."

Binti akanyanyuka nusu. Hakufikiri, miguu yake ndiyo iliyofikiri. Fundi, aliyekuwa bado amesimama kando ya mlango, akanyoosha mkono mbele ya mwalimu, taratibu, kama anayezuia mbuzi asiingie ndani.

"Andika mwenyewe, mwalimu."

"Fundi, usitutie aibu mbele ya watu. Mwandiko wangu unaujua."

"Siujui. Hakuna anayeujua."

Mwalimu Baadaye akamtazama Bibi, na Bibi hakuondoa kidole ubaoni. Akamtazama binti. Nje honi ya gari ikalia mara mbili. Akasonya, akaondoka, hakufunga mlango.

Binti alibaki kasimama nusu, mkono mmoja juu ya dawati, machozi yamefika kidevuni. Mtoto wa miaka sita aliyekaa kando yake, kamasi mbili zikimshuka, alimvuta sketi.

"Dada, hiyo ni ka," akamnong'oneza.

"Najua," binti alisema kwa hasira.

Hakujua. Akaketi.